Baraza la Walio Mbali: Kufundisha na Kukutana kwa Masafa katika Vyuo Vyetu, kwa Kipimo cha Ndagoni

Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi jinsi wanavyuoni wa Afrika ya Mashariki walivyofundishana na kushauriana hali wamekaa mbalimbali, tangu zama za barua mpaka zama hizi za mikutano ya video. Habari za vyombo vyenyewe zimekwisha andikwa na mafundi kwa urefu, nasi hatutazirudia ila pale zinapotufaa. Tunalolitafuta hapa ni jambo moja: katika kila chombo kilichopata kutumiwa, yule aliye mbali alikuwa nani? Alikuwa mjumbe, au mtazamaji tu? Maana kuketi barazani ni jambo moja, na kuchungulia barazani dirishani ni jambo jingine.

Ili maneno yetu yasiende hewani, tumechagua mahali pa kuyapimia. Mahali penyewe ni Ndagoni, kijiji na kata ya upande wa magharibi wa kisiwa cha Mafia, katika Mkoa wa Pwani. Mafia haiko mbali sana na Dar es Salaam mtu akitazama ramani, lakini ramani haihesabu bahari. Safari ya kwenda huko ni ya ndege ndogo mpaka Kilindoni, au ya chombo kutoka pwani ya Nyamisati, na msafiri wa chombo hutazama kwanza upepo na maji. Basi chombo cha mawasiliano kitakachomfanya mtu wa Ndagoni kuwa mjumbe kamili wa baraza la chuo kikuu, hicho tutakiri kuwa ni chombo chema. Kisichoweza hayo, hata kikisifiwa namna gani, kitakuwa kimewakutanisha tu wale ambao wangalikutana vyovyote.

Msomaji asidhani kwamba Mafia ni pahali pasipojulikana na wenye elimu. La. Oscar Baumann, msafiri wa Austria, aliandika kitabu juu ya kisiwa hiki mwaka 1896. Neville Chittick alifukua magofu ya Kisimani Mafia, mji wa kale wa upande huo huo wa magharibi, ambao sehemu yake kubwa imeliwa na bahari, naye akatoa habari zake mwaka 1961. Kuanzia mwaka 1965 Pat Caplan, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, alikaa Kanga, kaskazini ya kisiwa, akarudi mara nyingi. Na kitabu chake cha mwaka 1997 kimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya maneno na maandishi ya kila siku ya mwenyeji mmoja wa huko. Kitabu hiki ni cha kuangaliwa, maana ndani yake mwenyeji anasema mwenyewe. Lakini kwa jumla, Mafia imezungumzwa zaidi kuliko ilivyozungumza. Imesomewa London na Berlin, imejadiliwa Dar es Salaam, na majibu yake hayakungojwa.

Upo mfano mmoja wa kale unaoonyesha nguvu ya kujibu, ijapokuwa ni mfano wa vita. Katika Januari 1915 Waingereza waliitwaa Mafia kutoka kwa Wajerumani. Wakati huo manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha ndani ya matawi ya mto Rufiji, ng'ambo ya kisiwa. Manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey, ziliingia mdomoni mwa mto, lakini wapiga mizinga wake hawakuweza kuiona shabaha yao kwa sababu ya mikoko. Ndege ikaruka kutoka Mafia, na aliyekuwamo akawapasha habari kwa simu ya upepo: mzinga umepita, mzinga umepunguka, sogeza kushoto. Tarehe 6 Julai walijaribu wakashindwa. Tarehe 11 Julai walifaulu. Jambo la kuzingatia ni kwamba asiyeona aliongozwa na anayeona, na kila neno lilibadilisha tendo lililofuata. Hayo ndiyo mazungumzo ya masafa yaliyo kamili. Lakini watu wa Mafia wenyewe hawakuwa na sauti ndani yake. Kisiwa chao kilikuwa kiwanja cha kurukia tu.

Tuingie sasa katika habari za lugha na vyuo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi nne, yaani Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, chini ya katibu wake Frederick Johnson. Kamati hii ilikuwa baraza la masafa kabla ya jina hilo kubuniwa. Wajumbe wake walitawanyika katika nchi nne, na mikutano ya uso kwa uso ilikuwa michache; kazi nyingi ilipita katika posta. Hata makao yake yalikuwa ya kuhamahama: Dar es Salaam kwanza, kisha Nairobi tangu 1942, kisha Makerere tangu 1952, kisha Mombasa, na mwishowe Dar es Salaam tena, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili.

Barua ina sifa zake. Hungoja, haina haraka, na hubaki kuwa ushahidi. Sisi tuliosoma ng'ambo tukiwa na utafiti wetu huku nyumbani twajua kwamba swali lililoandikwa vizuri na msimamizi aliye upande wa pili wa bahari laweza kumfikirisha mtu kuliko saa nzima ya maneno. Kosa la Kamati ile halikuwa barua. Kosa lilikuwa katika orodha ya wale waliopelekewa barua. Kamusi kubwa ya Kiswahili sanifu ilitolewa mwaka 1939, lakini Waafrika hawakuketi katika mkutano wa Kamati mpaka mwaka 1946. Miaka saba ilipita kati ya kuchapishwa kwa kamusi na kuingia kwa wenye lugha katika chumba ilimoamuliwa. Wenye lugha waliulizwa maneno, hawakuulizwa maamuzi. Tofauti hiyo ndiyo inayotushughulisha.

Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki nacho kilikuwa na shida ya masafa tangu kuzaliwa kwake mwaka 1963. Kilikuwa chuo kimoja chenye matawi matatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, katika nchi tatu zilizokuwa kila moja na mipango yake na hazina yake. Kilivunjika mwaka 1970, na kila nchi ikawa na chuo kikuu chake. Sababu kubwa zilikuwa za siasa na mahitaji ya kila taifa, wala hatusemi kwamba simu nzuri ingalikiponya. Twasema tu kwamba wajumbe wa mabaraza yake walihesabu mkutano kwa siku za safari, na jambo linalohitaji safari ya siku mbili halikutaniwi kila wiki.

Baada ya barua ilikuja redio, na hapa Mafia yenyewe yaingia katika habari. Mwaka 1971 Serikali iliichagua Mafia kuwa mojawapo ya wilaya sita za kwanza za kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliiendesha kwa redio nchini kote, na watu wazima wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vyake. Redio husema isisikie. Hata hivyo waliopanga kampeni hiyo waliuelewa upungufu wake, wakauziba kwa akili: hawakumwacha msikilizaji peke yake na sanduku linalosema. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kitabu cha kusomea. Walisikiliza pamoja, wakajadiliana, wakaamua la kutenda katika kijiji chao, kama kuchimba choo au kufukia madimbwi ya maji. Jibu halikurudi redioni siku ile ile, lakini lilionekana katika ardhi. Tuuweke mpango huu akilini, maana tutaurudia.

Chombo cha tatu kilikuwa setilaiti. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ambacho makao yake baadaye yalihamishiwa Nairobi. Katika miaka yake ya mwanzo mihadhara ilitolewa na walimu wa ng'ambo, ikarushwa kwa setilaiti, na kuonekana katika televisheni vyuoni Afrika, Chuo Kikuu cha Kenyatta kikiwa kimojawapo. Mwanafunzi mwenye swali alipiga simu. Picha ilikuja kwa njia pana, swali likarudi kwa njia nyembamba na ya gharama. Umbo hilo la mawasiliano lilikuwa limekwisha amua nani ni mwalimu na nani ni mwanafunzi kabla mtu yeyote hajafungua kinywa.

Setilaiti ilikuwa na ila nyingine inayomhusu hasa mwanaisimu. Setilaiti za namna ile huning'inia juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 36,000 hivi. Neno hupanda na kushuka, likachukua kama robo ya sekunde kumfikia msikilizaji, na jibu lake robo nyingine kurudi. Nusu ya sekunde ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Uchunguzi wa lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia, uliotangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba kwa wastani mtu hujibu swali baada ya kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Anayechelewa zaidi ya hapo hudhaniwa anasita, au hataki, au hajui. Kiswahili hakikuwamo katika lugha zile, lakini kila Mswahili ajua jinsi salamu zetu zinavyofungamana. Shikamoo hutaka marahaba papo hapo; habari za huko hutaka njema kabla pumzi haijaisha. Weka nusu ya sekunde katikati, na salamu zitagongana kama vyombo viwili katika mlango mmoja wa bandari. Mdogo ataonekana hana adabu, mkubwa ataonekana amenuna, na wote wawili hawana kosa. Chombo ndicho kilichowakosanisha.

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya bahari, kama mambo mengi ya pwani hii. Mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu uliolazwa chini ya maji. Na mwaka 2009, miaka 130 baadaye, mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, ukafuatwa na mwingine, EASSy, mwaka 2010. Katika nyuzi za kioo za mkongo, neno husafiri kilomita 15,000 kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Salamu zikapona. Mtu wa Dar es Salaam na mtu wa Ulaya waliweza kuulizana hali bila kugongana, na njia ya kurudi ikawa pana karibu kama njia ya kuja.

Lakini ada ya vyuo haibadiliki kwa sababu chombo kimefika. Ilibadilika kwa sababu ya maradhi. Machi 2020, maradhi ya Uviko-19 yalipoingia Tanzania, vyuo vilifungwa, vikafunguliwa tarehe 1 Juni. Tarehe 18 Machi mwaka huo Baraza la Mawaziri la nchi za SADC, ambazo mwenyekiti wake wakati ule alikuwa Tanzania, lilikutana kwa njia ya video likiongozwa kutoka Dar es Salaam, na tarehe 17 Agosti wakuu wa nchi hizo nao wakakutana hivyo hivyo. Ulimwenguni kote jambo lilikuwa moja. Zoom, programu iliyotolewa kwa watu wote mwaka 2013, ilihesabu washiriki wa mikutano wapatao milioni 10 kwa siku katika Desemba 2019. Kufika Aprili 2020 walikuwa milioni 300. Mihadhara, utetezi wa tasnifu na vikao vya idara viliingia katika viboksi vidogo vya nyuso, na vingi havijatoka humo hata leo.

Sasa tuirudie Ndagoni, tuulize. Je, miaka hii imemleta mtu wa Ndagoni barazani? Kwa nadharia, ndiyo. Mwenye simu janja na bando la kutosha aweza kuingia mkutano wowote wa dunia akiwa chini ya mwembe wake. Kwa vitendo, mambo matatu humzuia, na yote matatu twayafahamu kutoka katika historia tuliyoisimulia.

La kwanza ni gharama. Mkutano wenye picha hula data nyingi kuliko mkutano wa sauti tupu, na anayelipa ni yeye aliyeko mbali. Mjumbe wa mjini hutumia mtandao wa ofisi asijue bei yake. Mvuvi au mwalimu wa kijijini hukatwa kila dakika. Huu ni ule ule wembamba wa njia ya kurudi wa mwaka 1997, isipokuwa safari hii umehama kutoka angani ukaingia mfukoni.

La pili ni sauti yenyewe. Mawimbi yakiwa dhaifu, chombo huipunguza sauti ili isikatike, na hutupa kwanza mitetemo ya juu. Humo ndimo zinamokaa sauti kama s, f, sh na th. Kwa kikao cha bajeti hasara ni ndogo. Kwa kikao cha lugha ni kubwa, maana mtafiti anayesikiliza lafudhi ya Mafia kwa njia hiyo huenda akaandika alichokipokea kwa chombo, akadhani amekipokea kwa msemaji. Basi data ya fonetiki isichukuliwe mkutanoni. Irekodiwe kijijini kwa kinasa sauti, kisha ipelekwe.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ada ya mkutano. Aliye mbali huingia akiwa amezimiwa kipaza sauti. Walioketi pamoja chumbani hunong'onezana, hucheka, huamua, kisha mwenyekiti hukumbuka, akauliza, "Walioko mtandaoni, mna la kusema?" wakati jambo limekwisha kupita. Hapa mila yetu ina la kufundisha. Mswahili haingii nyumba ya mtu bila hodi, wala mwenye nyumba haachi hodi bila kuijibu. Waliounda programu hizi wameweka chumba cha kungojea, na bila kujua wametupatia ubao wa kupigia hodi. Lakini hodi bila karibu ni fedheha. Na karibu bila kupewa nafasi ya kukaa ni fedheha zaidi.

Wako watakaosema kwamba baraza la kweli ni la miili: ni kahawa, ni mkeka, ni kutazamana machoni, na kwamba mkutano wa video ni kivuli. Hoja hii ina haki yake. Mwalimu yeyote aliyefundisha nyuso 200 zilizozimwa aijua baridi yake. Lakini tuulize baraza hilo la miili lilikuwa la miili ya nani. Mwaka 1939 lilikuwa na miili, nayo haikuwa ya wenye lugha. Kwa mtu wa Ndagoni, shauri halikuwa kati ya mkutano wa video na mkutano wa uso kwa uso. Lilikuwa kati ya mkutano wa video na kutokuwapo kabisa.

Nalo linalopotea kwa kutokuwapo kwake si dogo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya nne ya SADC tangu Agosti 2019, na UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Kila mwaka maneno mapya yatakiwa, ya sheria, ya sayansi, ya mazingira ya bahari. Wanaoyaunda aghalabu huketi mjini, na wakikosa neno hukimbilia kulitohoa. Huku visiwani bado yanaishi majina ya pepo na ya vipindi vya maji: kusi na kaskazi, matlai na umande, bamvua na maji mafu, yako majina ya sehemu za dau na ngalawa, ya mishipi na nyavu, ya samaki wakubwa na wadogo wa jinsi moja. Wanaoyajua yote wanazeeka, na vijana hujifunza kazi nyingine. Ikiwa kamati ya istilahi itakutana mara kumi juu ya elimu ya bahari bila mvuvi hata mmoja kujibu, basi tutakuwa tumeirudia Kamati ya zamani kwa vyombo vipya.

Kwa hiyo twatoa mashauri manne, yote yanawezekana kwa vyombo tulivyo navyo. Kwanza, mjumbe wa masafa ahesabiwe katika akidi, apige kura, na jina lake liandikwe katika kumbukumbu pamoja na alilolisema, asiyeandikwa hakuwapo. Pili, mwenyekiti aanze na walio mbali kabla ya walio karibu, na kikao kiwe cha sauti kwanza, picha ikiongezwa pale mawimbi yanaporuhusu. Tatu, gharama ya data ya mjumbe wa kijijini ilipwe na chuo, kama vile nauli ilivyokuwa ikilipwa. Maana data ndiyo nauli ya siku hizi. Nne, tuufufue mpango wa mwaka 1973: asiachwe mtu mmoja peke yake na simu, bali kiwepo kikundi kijijini, chenye kiongozi aliyefundishwa, kinachojadiliana kwanza chenyewe kisha kikaleta neno lake mkutanoni. Rasimu ya maamuzi irudishwe kwao waisome kabla haijathibitishwa. Barua, radio na video hazigombani. Kila moja ina saa yake.

Chuo chetu kilizaliwa na kamati ya barua iliyochelewa kuwaita wenye lugha. Hatuwezi kulifuta hilo katika kumbukumbu zake, lakini kumbukumbu za kikao kijacho bado hazijaandikwa. Mkutano wa kwanza wa istilahi za bahari uwe na mstari, miongoni mwa majina ya waliohudhuria, usemao: Ndagoni, kwa njia ya video, na chini yake, katika ukurasa wa pili au wa tatu, yaonekane maneno waliyoyapinga na yale yaliyokubaliwa badala yake.